Magita Yanamwinamia Nani?

Kosa lenyewe Sikudhani alilisikia saa nne na dakika kumi asubuhi, na alilisikia kwa sababu mwimbaji hakuwepo.

Leokadia alikuwa amekwenda kubadilisha kinasasauti chake, kile kibandiko chembamba ambacho waimbaji wa siku hizi wanakibandika chini ya kidevu, na chaneli yake ilikuwa imezimwa kabisa kwenye meza ya mitambo. Jukwaani walibaki wapigaji tu: besi, tumba, gita la rizimu, na mbele yao Mzee Bitaliho mwenye gita la solo na vidole vitatu vya kaboni, alivyowekewa baada ya baridi yabisi kumla vile alivyozaliwa navyo. Sikudhani, fundi mitambo wa Mibono Jazz kwa mwaka wa kumi na tisa, aliwaomba wapige wimbo mmoja mzima apime ukumbi. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa anatafuna mgebuka, samaki wa ziwani, wa kukaanga kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mezani.

Ilikuwa siku ya fainali. Saa tisa alasiri bendi mbili zingepanda jukwaa lile la Gungu, wao na Super Malagarasi, na itakayoshinda ingepakiwa pamoja na vyombo vyake kwenda kufungua ukumbi wa muziki kwenye Kuba la Mwezini. Hakuna bendi ya Kigoma iliyowahi kupiga nje ya dunia. Mzee Bitaliho alikuwa na miaka sabini na minne na alishaaga majirani, maana yeye kushindwa hakumo katika mipango yake.

Wimbo ukaanza, ukaenda vizuri mpaka ubeti wa kwanza. Hapo, pale pale ambapo Leokadia huanza kuimba, magita yote mawili yakainama. Hayakukosea. Yalishuka pamoja, kwa adabu, kama watu wanaompisha mama mjamzito mlangoni, yakakaa chini mstari mzima, kisha yakanyanyuka. Mstari wa pili yakainama tena. Na hapakuwa na mtu anayeimba.

Sikudhani akamweka mgebuka chini.

Kuinamisha magita ni kazi ya kibano. Katika programu ya Ulingo, ambayo bendi zote za ukanda ule ziliitumia, kibano ni mojawapo ya madoido, yaani vikolezo vya sauti, ila hili halina sauti yake. Linasikiliza chaneli moja na kubana nyingine. Mwimbaji akifungua mdomo, linayashusha magita ili maneno yapite, akinyamaza, linayaachia. Ndiyo maana maneno ya Mibono Jazz yalisikika hata na aliyekaa nyuma kabisa karibu na vyoo. Lakini kibano hakiwezi kuota ndoto. Kikibana, basi kuna kitu kimekisikia.

Akawaomba warudie. Akanyamazisha tumba: magita yakainama. Akanyamazisha besi: yakainama. Akapita chaneli moja moja, akizibonyeza kama mtu anayekanyaga sisimizi, na bado kila ubeti ulipofika magita yalimpisha mtu asiyekuwepo. Mzee Bitaliho akauliza kutoka jukwaani kama meza imeingiwa na shetani, naye akajibu kwamba shetani angekuwa na mdundo mbaya zaidi kuliko huu.

Ikabaki kufuata waya. Kwenye Ulingo waya ni michoro tu, nyuzi za mwanga zinazotoka doido hili kwenda chaneli ile, na kwa bendi kongwe zimesongamana hadi hakuna anayezisoma tena. Sikudhani alishika uzi wa kibano kwa ncha ya kidole akaufuata kwenda kulia. Ukapita chaneli ya Leokadia bila kuigusa. Ukapita kinanda. Ukaingia chaneli ya tisa.

Chaneli ya tisa ilikuwa na kitufe chekundu na juu yake muhuri wa mwanga wa afisa wa sheria za sauti. Jina lake lilikuwa limefifia, kama yanavyofifia majina ya chaneli zote zilizonyamazishwa, ili zisimpotezee fundi macho. Taa yake nayo ilikuwa imefifishwa. Sikudhani akaiamuru meza imwonyeshe taa ile.

Ilikuwa inacheza. Kijani, juu, chini, juu, ikifuata wimbo hatua kwa hatua, ikipumua mwisho wa mstari. Aliifahamu pumzi ile kuliko anavyofahamu sahihi yake mwenyewe. Akacheka kwa sauti, na alipojishika shavuni akakuta analia.

Adelina alikuwa anaimba.

*

Adelina Kabogo alikuwa amekufa miezi kumi na minne iliyopita.

Wakati wake, mwimbaji mkubwa hakurekodiwa tu. Alilelewa ndani ya mtambo. Kwa miaka kadhaa chaneli yake ilisikiliza anavyovuta pumzi, anavyochelewesha neno, anavyojibu gita, mpaka ikawa chaneli hai, inayoweza kusikia bendi ikipiga na kuimba papo hapo hata mwenyewe akiwa nyumbani anasonga ugali. Chaneli kama hizo zilipoanza kuimba baada ya mazishi ya wenyewe, sheria ikaja: mtu anaweza kuagiza anyamazishwe siku akifa. Kufuta chaneli hai ni mpaka mrithi aweke kidole. Kunyamazisha hakuhitaji ila kitufe na muhuri.

Adelina aliagiza. Alikuwa amelala wodini, mwembamba hadi pete zinamvuka, akamshika Sikudhani kifundo cha mkono. Alisema ameimba miaka thelathini na moja na sasa anataka kunyamaza, na akamtaka aape. Sikudhani akaapa. Baada ya maziko afisa akaja ukumbini, akabonyeza kitufe, sauti ikakatika. Mwangwi ukabaki ukizunguka kwenye kuta, ukapungua, ukafa. Afisa akasikiliza dakika nzima kidole kikiwa hewani, akasema amenyamaza, akapiga muhuri. Hakuna bendi iliyokuwa inapiga wakati ule, chaneli iliimbishwa kwa rekodi tu, kwa hiyo hapakuwa na gita la kuinama na kumsuta.

Kosa lilikuwa la Sikudhani mwenyewe, na alilikumbuka sasa hivi kiasi cha kutaka kujipiga kibao. Mwangwi unachota sauti baada ya kitufe: kitufe kikifungwa, mwangwi unakosa maji na kukauka. Kibano nacho kingefanya hivyo hivyo, kama si kikohozi. Mwaka mmoja Adelina alipata kikohozi kisichosikia dawa, akawa anajifungia kitufe katikati ya ubeti ili akohoe, na kila akijifungia magita yanaruka juu kama mbuzi waliofunguliwa. Sikudhani akauchukua waya wa kibano akaufunga kabla ya kitufe. Kuanzia hapo Adelina alikohoa kwa raha zake, kibano kikasikia kikohozi kikayashikilia magita chini, watu ukumbini wakakisia ni madaha, wakapiga makofi. Kikohozi kikapona. Waya ukasahaulika pale pale.

Alipoingia Leokadia, binti wa Adelina, kuchukua nafasi, kibano kiliendelea kufanya kazi vizuri tu. Sikudhani akaamini kinamsikiliza Leokadia, kwani kingemsikiliza nani mwingine? Tangu hapo Mibono Jazz ilitia fora. Waandishi walimsifu binti kwa jambo moja zaidi ya yote: anajua kuingia. Magita yakishuka tu, yeye yumo, hakosi hata nukta. Wakasema amezaliwa nacho.

Kumbe mama yake alikuwa anamfungulia mlango.

*

Alimwita Mzee Bitaliho mezani akamwonyesha. Mzee aliitazama taa ile kwa muda, akavua kofia. Kisha akarudi jukwaani, akapiga kipande kifupi cha solo kisichokuwemo kwenye wimbo wowote, kipande cha utani alichokuwa akimpigia Adelina kwenye mazoezi. Akatulia. Taa ikaruka mara tatu, haraka haraka, ikazima.

"Amenijibu," Mzee akasema. "Fundi, amenijibu, na jibu ni lile lile la matusi."

Akapiga tena, akajibiwa tena. Wapigaji wengine wakasogea, mpiga tumba akaweka mapigo yake manne na taa ikayapokea, na kwa robo saa hivi ukumbi ule mtupu ukawa na furaha ambayo Sikudhani hakuwahi kuiona hata kwenye harusi. Watu wazima walikuwa wanapiga muziki kwa taa na kuchekeana. Naye alicheka nao. Asingeweza kujizuia. Mzee akaomba Adelina afunguliwe kidogo, amsikie sauti, dakika moja tu, akakataliwa. Hakushindana sana. Lililomshughulisha lilikuwa jingine: mtu asiuguse ule waya.

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Adelina aliomba anyamazishwe, na amenyamazishwa, hayupo anayemsikia. Hakuomba aache kuwasikia wao. Kiapo kimetimia kama kilivyotamkwa, na muhuri wa serikali uko pale kushuhudia. Wanachofaidi ni nafasi anayoiacha, na nafasi si sauti. Tena bila waya huo watapanda jukwaani saa tisa na bendi ambayo hawajawahi kuipiga, mbele ya waamuzi, na Malagarasi wakiwaangalia.

Sikudhani alitamani kukubali. Tangu asubuhi moyo wake ulikuwa juu juu kama wa msichana, alikuwa amempata rafiki yake, na mkono wake haukutaka hata kukaribia uzi ule wa mwanga. Lakini kila alipoitazama taa inavyohangaika alikumbuka kifundo cha mkono wake kilivyoshikwa. Nafasi ile haikujiachia yenyewe. Kuna aliyekuwa anaiacha, mstari kwa mstari, kila Jumamosi, miezi kumi na minne.

Mrithi alikuwa mmoja, na alikuwa njiani anakuja.

*

Leokadia aliingia saa saba na nusu na viatu mkononi, akisifia kibandiko kipya. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mwendo wa mtu anayejua kwamba leo jina lake litatajwa. Sikudhani alimketisha nyuma ya meza, akamweleza yote tangu kikohozi, halafu akamwonyesha taa huku Mzee akipiga ubeti wa kwanza taratibu.

Binti aliangalia mpaka mwisho. Aliuliza kama ni kila wimbo, akaambiwa ni kila wimbo. Akauliza kama ile sifa ya kuingia, ile waliyoiandika magazetini, ndiyo hii. Sikudhani angeweza kupindisha maneno. Akasema ndiyo.

"Kwa hiyo mama bado yuko kazini," Leokadia akasema.

Sikudhani hakuwa amelitazama jambo kwa upande huo, na lilimkata maini. Akajitetea kwa namna ambayo baadaye aliionea haya. Akasema wameshaligundua na litarekebishwa, kesho asubuhi afisa ataitwa, kila kitu kitakwenda kwa utaratibu. Ila leo ni fainali, na saa moja na nusu haitoshi kuifundisha bendi upya.

"Tumwache leo tu, mwanangu. Leo tu, kisha apumzike."

Leokadia akainua uso. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Ma'mdogo, hivyo ndivyo mlivyokuwa mkimwambia. Mlikuja nyumbani ana homa, miguu imevimba, mnasimama pale mlangoni na Mzee: leo tu, Dada Adelina. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga viatu."

Mzee Bitaliho alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia, akageuka akaanza kukaza nyuzi ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Sikudhani akamweleza yaliyobaki, maana ilikuwa haki yake kuyajua. Nyaya ni mbili. Wa kwanza unatoka kwa Adelina kwenda kwenye kibano. Hiyo ndiyo kazi yake. Wa pili unaleta muziki wa ukumbi kwake. Hayo ndiyo masikio yake, na chaneli hai isiposikia haiimbi, hivyo kuukata ni sawa na kuifuta, na kunataka kidole cha mrithi. Wa kwanza unaweza kuhamishiwa kwa Leokadia sasa hivi. Lakini aelewe tofauti. Mama yake alikuwa anasikia wimbo unakwenda wapi na anavuta pumzi kabla, kwa hiyo magita yalikuwa yanashuka mapema na kumsubiri binti. Kibano kikimsikiliza binti mwenyewe hakitamsubiri. Hakitashuka mpaka yeye aanze, na atalazimika kuanza ndani ya kelele, bila kufunguliwa na mtu.

"Kata wa kwanza," Leokadia akasema. "Wa pili uache mpaka nimalize kuimba. Asifanye kazi. Asikilize tu kama watu wengine. Nikishuka jukwaani, ukate na huo, kidole nitaweka."

Sikudhani akaushika uzi wa kibano, akauhamisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate.

*

Super Malagarasi walipiga kwanza, na walipiga vizuri, wasisingiziwe. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi, kila mtu na kidonge chake cha kusikilizia sikioni. Waamuzi watano walikaa kwenye safu ya mbele, na kwenye paa picha ya Kuba la Mwezini ilikuwa inazunguka polepole ili kuwatia watu tamaa.

Mibono Jazz wakapanda. Mzee Bitaliho akaanzisha, vidole vya kaboni vikang'aa, tumba ikaingia, miguu ya watu ikaanza kujisahau. Sikudhani alikuwa na macho sehemu tatu: kwenye kibano, kwenye mdomo wa Leokadia, na kwenye taa ya chaneli ya tisa ambayo hakuififisha tena.

Ubeti wa kwanza ukafika. Magita hayakushuka. Leokadia alisimama mdomo nusu wazi, akingoja mlango ambao haukufunguliwa tena, na kibano nacho kikimngoja yeye. Mstari mzima ukapita patupu. Mwamuzi mmoja akainamia karatasi yake. Kwenye meza taa ya tisa ilikuwa inawaka kwa nguvu zote, ikiimba mstari ule mpaka mwisho, na hakuna kitu katika ukumbi mzima kilichousikia wala kuufuata. Sikudhani aliona kidole chake kikisogea chenyewe kuelekea kwenye uzi. Sekunde mbili zingetosha kuurudisha. Akaukalia mkono ule, akaukalia kwelikweli, uzito wake wote juu ya kiganja.

Leokadia akaingia katikati ya mstari wa pili, amechelewa, sauti ikigongana na gita la Mzee. Magita yakashtuka yakashuka. Ubeti ule ulikuwa vurugu tupu. Aliingia kwa kuchelewa, magita yakaja nyuma yake, na taa ya tisa ikaimba sambamba naye kila neno, kama mzazi anayesogeza midomo mtoto wake akisoma mbele za watu.

Kiitikio kikawaokoa, kwa kuwa kila mtu anaimba. Leokadia alitumia kiitikio kile kutembea hadi ukingo wa jukwaa. Akaipa bendi mgongo, asimwone Mzee, asingoje chochote kutoka kwa yeyote, na ubeti wa pili ulipokuwa bado hatua nzima mbele, magita yakiwa kileleni, akafungua mdomo akaimba.

Magita yakaanguka chini yote mawili. Rizimu akakosa pigo kwa mshangao. Ukumbi ukapiga ukelele mmoja, ule unaowatoka watu kabla hawajaamua kupiga kelele, na Mzee Bitaliho, aliyemfuata mwimbaji mmoja maisha yake yote, akatikisa kichwa akamfuata huyu. Binti hakuwa anaimba kama mama yake. Alikuwa anaimba kwa pupa, mbele ya mapigo, kama mtu anayeshuka mlima bila breki, na ilikuwa tamu mno. Sikudhani alikuwa amesimama juu ya kiti bila kujua amepandaje.

Ndipo akakumbuka kuangalia meza.

Taa ya tisa ilikuwa imezima. Alidhani waya wa masikio umekatika, akaukagua: ulikuwa mzima, muziki wote ulikuwa unafika. Ubeti wa tatu ukaja, Leokadia akautangulia tena, taa haikuwaka. Adelina alikuwa na tabia moja ambayo bendi nzima iliijua: hakuwahi hata siku moja kumwingilia mwimbaji aliyemtangulia. Akitanguliwa alikuwa anashusha mikono na kumwachia mwenzake wimbo. Miezi kumi na minne hakuna aliyekuwa amemtangulia.

Sikudhani hakukiangalia kibano tena. Aliitazama taa ile iliyozima mpaka wimbo ukaisha.

Super Malagarasi wakashinda kwa pointi mbili, na kila mtu alijua zilikotoka. Mzee Bitaliho aliwapa mikono mmoja mmoja, akawatakia safari njema, akarudi kwa wenzake akitaka kujua mazoezi ya Jumanne yataanza saa ngapi. Watu walikuwa bado wamemzunguka Leokadia. Alijichomoa akaja mpaka kwenye meza, jasho likimchuruzika shingoni, kibandiko kimebanduka upande mmoja. Aliuliza kama mama yake ameimba naye.

"Ubeti wa kwanza," Sikudhani akasema. "Baada ya hapo alinyamaza, akakusikiliza."

Leokadia akaweka kidole kwenye kioo, mahali pa mrithi, na Sikudhani akaukata waya wa pili. Waliikodolea macho chaneli ya tisa wote wawili, taa yake ikiwa imezima tangu ubeti wa pili. Hakuna kilichobadilika.